Siku moja maishani mwangu: kupima kama kemikali inaleta saratani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kabla ya kushusha begi naangalia kipimajoto cha friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Humo mna sampuli za watafiti wengi, na ikizima usiku mmoja tu, kazi ya miaka imekwenda na maji. Leo iko salama. Navaa koti, miwani na glavu, naanza.

Mimi ni mtafiti wa sumu, upande wa kemikali zinazosababisha saratani. Nikijitambulisha hivyo, wengi hudhani natafuta dawa. Sitafuti dawa. Nataka ugonjwa usimfikie mtu kabisa, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni kumimina, kusubiri na kuhesabu.

Saa mbili hadi saa nne nahesabu. Sahani za juzi, zilizomiminwa bakteria, zimetoka kwenye inkubeta, kabati la joto la kukuzia bakteria, baada ya saa 48 katika nyuzi 37. Hiki ni kipimo cha Ames, kilichobuniwa na Bruce Ames na wenzake miaka ya 1970. Tunatumia bakteria wa Salmonella wenye hitilafu kwenye jeni, wasioweza kujitengenezea histidini, asidi amino wanayoihitaji ili wakue. Pasipo histidini hawakui, nasi huwawekea kidogo tu ya kuanzia. Kemikali ikiigeuza DNA yao, baadhi hurudiwa na uwezo huo, na kila mmoja huzaa koloni, kundi la bakteria linaloonekana kwa macho. Makoloni yakizidi, tunashuku kemikali hiyo yaweza kuleta saratani. Halafu kila sahani hupita chini ya hadubini, nitazame utando mwembamba wa bakteria ulio nyuma ya makoloni. Utando ukipungua, ujue kemikali imewaua wengi, na wachache waliosalia wamegawana histidini kidogo iliyokuwamo, wakaota vidoto vinavyofanana na makoloni halisi. Asiyetazama utando atahesabu uongo.

Saa nne na robo akaingia mfanyabiashara wa rangi za nguo, karatasi ya majibu mkononi.

“Daktari, mmeandika hasi. Nipe barua kwamba rangi yangu haina kansa, nikaiuze.”

Nikamwambia siwezi. Rangi yake ni ya kundi la rangi za kutengenezwa liitwalo azo. Baadhi ya rangi hizo zikiingia mwilini, bakteria wa utumbo na vimeng'enya vya ini huzikata vipande, na kipande kinachotoka chaweza kuwa benzidini, ambayo IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeiweka Kundi la 1: inasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya kibofu cha mkojo. Kipimo cha kawaida hutumia dondoo la ini la panya ili kuiga kazi hiyo ya mwili, na mara nyingi halizikati rangi hizo vya kutosha. Ipo namna nyingine, ya ini la hamsta, mnyama mdogo jamii ya panya, iliyotengenezwa kwa ajili ya rangi hizo hasa.

“Kwa hiyo unasema ina kansa?”

“Sijasema hivyo, mzee wangu. Nasema hatujaipima inavyostahili.”

“Mbona wengine wanaandika?”

Tulizunguka hapo hapo zaidi ya saa nzima. Kila nikieleza, anarudi kwenye barua. Mwishoni nikamuuliza vijana wanaochanganya huo unga wanavaa nini.

“Aa, hao wamezoea.”

Jibu hilo lilinichoma. Mwaka 1895 Ludwig Rehn, daktari wa upasuaji wa Frankfurt, aliripoti uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Nao walikuwa wamezoea. Ilipita zaidi ya miaka 40 ndipo Wilhelm Hueper na wenzake, mwaka 1938, wakaonyesha kwamba mbwa waliopewa 2-naftilamini, kemikali ya viwanda hivyo hivyo, hupata saratani ya kibofu. Na ugonjwa huu huweza kukaa kimya miaka 20 au zaidi tangu mtu aanze kuvuta vumbi mpaka aone damu kwenye mkojo. Siku hiyo hakuna atakayeikumbuka barua wala aliyeitia sahihi. Nilimwambia yote haya, pengine kwa sauti ya juu kuliko ilivyofaa mbele ya mtu mzima. Akaondoka bila barua.

Mchana ni kumimina. Dondoo la ini linayeyushwa juu ya barafu kwa sababu vimeng'enya vyake huchoka upesi. Ajari laini, ile jeli inayobeba bakteria kwenye sahani, inakaa kwenye nyuzi 45. Ikipoa inaganda na mabonge, ikizidi joto inaua bakteria. Bakteria, kemikali, dondoo, tikisa, mimina, zungusha sahani. Kisha nyingine, na nyingine. Mabega yanawaka, kidole gumba kinachobonyeza pipeti, kifaa cha kupimia vimiminika, kimekufa ganzi, na siangalii saa tena kwa sababu kundi likianzwa halikatizwi. Najivunia mikono hii. Sahani tatu za dozi moja zikikaribiana hesabu, ujue mmiminaji hakulegea hata alipochoka.

Giza lilikwisha kuingia nilipofunga inkubeta na kukuta ujumbe wa yule mzee: fanyeni hicho cha hamsta, ila haraka. Nimemjibu kwamba tunaanza Jumatatu, sahani zitasomwa Jumatano, na jaribio litarudiwa kabla sijaandika neno. Nikaongeza kwamba wakati huo wote vijana wake wapewe barakoa za vumbi na glavu, na unga uloweshwe kabla ya kuchanganywa. Hilo halingoji majibu yangu.