Jogoo juu ya bati

Juzi usiku binti yangu wa mwisho alinisomea ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye kundi la mtaa. Mvua kubwa, upepo mkali, "wananchi wachukue hatua stahiki".

"Baba, hatua stahiki ndiyo tufanye nini?"

Sikumjibu upesi. Swali hilo niliwahi kuulizwa Desemba 2011, siku ya pili ya yale mafuriko ya Dar es Salaam. Jiji lilikuwa ndiyo kwanza limesherehekea miaka 50 ya Uhuru, Mto Msimbazi ukafurika, Jangwani hapapitiki. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua kama ile haikuonekana Dar tangu 1954. Mhariri akanituma kwenye shule moja walikolala watu wa bondeni.

Darasani nilimkuta mama mmoja akianika madaftari ya wajukuu dirishani. Alipojua mimi ni mwandishi, akaninyooshea gazeti lililokuwa likipita mikononi mwa watu.

"Miwani yangu imekwenda na maji. Nisomee, mwanangu, wanasemaje juu yetu."

Habari yenyewe nilikuwa nimeiandika mimi. Nikasoma: "Wakazi waishio maeneo hatarishi wametakiwa kuchukua tahadhari stahiki sambamba na kuzingatia maelekezo ya mamlaka husika." Darasa zima lilitulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, daftari mkononi likichuruzika.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Sasa turudi nyumbani au tusirudi?"

Jibu nilikuwa nalo tangu jana yake, limeandikwa kwa mkono wangu: wasirudi, mvua bado ipo. Nililiacha kwenye notibuku nikaandika yale mengine, kwa kuwa ndivyo nilivyoona habari zikiandikwa tangu naanza kazi. Nikamwambia. Akawageukia wenzake, ila hakurudia maneno yangu. Alianza na jogoo wake: alivyoparamia bati usiku wa manane akipiga kelele, naye akamtukana, akajifunika shuka, alivyoshusha mguu kitandani, maji yakamfika gotini.

"Na mvua haijaisha. Mkisikia jogoo analia juu ya bati, msiulize, bebeni watoto. Hakuna kurudi leo."

Hata waliokuwa wakigombea mkeka walinyamaza.

Niliandika vilevile alivyosimulia. Ikatoka mistari minne, nafasi ilikuwa imeuzwa kwa tangazo. Baadaye wengi wa bondeni walipewa viwanja Mabwepande. Yeye sikumwona tena.

Siku hizi Mamlaka hutoa angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, na simu inazifikisha saa ileile. Zikishapita kwa mtu wa tatu, wa nne, naona sentensi yangu ile imerudi, na inaniuma kama nimeiandika leo.

Nikamwambia binti: tuinue gunia la mchele, vyeti tuviweke kwenye ndoo yenye mfuniko, na simu isizimwe usiku huu.

"Si wangeandika hivyo tu?" akasema, ameshainama kushika gunia.