Alizeti: urea ikizidi, mafuta yanapungua
Mfuko wa mbolea ya urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa ekari moja ya alizeti kule Singida au Dodoma, huo unatosha kabisa. Weka mbolea wakati mmea una majani 6 hadi 8, kabla ya kutoa kitumba cha ua, udongo ukiwa na unyevu. Chimba kishimo sentimita 10 kutoka kwenye shina, weka, fukia. Ikibaki juu inageuka amonia na kupotea hewani. Ukizidisha, vichwa vinanenepa, ndiyo, lakini mashina yanalala, mbegu zinachelewa kukauka, protini inapanda na asilimia ya mafuta inashuka. Kwenye mashine ya kukamua utaondoka na mashudu mengi. Mvua ikisuasua, nusu mfuko yatosha.