Tisheti ya kijani

Leo alfajiri maji yalikuwa ya bamvua, yamejaa mpaka yanagonga ukuta, na ikiwa hivyo ile njia ya pwani ya kutoka Lamu mjini kwenda kijiji cha Shela huioni tena, basi tukavua raba tukazishika mkononi tukapita na maji ya magoti, huyu anacheka yule analalamika, binamu yangu dera limemganda miguuni anaapa yeye harudi tena. Kila wiki huapa. Jumamosi ijayo yuko.

Tulikuwa saba. Tulipoanza hii grupu yetu ya kukimbia tulikuwa kumi na tisa, na hapo ndipo nnapotaka kupaandika leo manake nimekaa nalo moyoni muda, wale kumi na wawili niliwafukuza mimi, si kwa mdomo, kwa tisheti.

Nianze nyuma kidogo. Mimi nyama niliacha kwa sababu ya mbuzi mmoja. Tulikuwa na harusi ya nyumbani, nikatumwa Mokowe, ng'ambo ya bara, kuchukua mbuzi, na kwenye boti yule mbuzi mmoja alikuwa anaogopa mawimbi akanilalia pajani, kichwa kimetulia hapa, naskia pumzi zake kwenye suruali mpaka tukashuka Lamu. Kesho yake pilau ikaja kwenye sinia na mkono wangu ukakataa kwenda. Nyama kwanza, halafu samaki, halafu mayai na maziwa, nkawa hao wanaoitwa vigani, yaani huli chochote kilichotoka kwa mnyama. Neno lenyewe walilitunga Waingereza mwaka 1944. Nyumbani kwetu walilitafsiri haraka: "ameanza wazimu."

Kukimbia kulikuja baadaye. Nilisoma kwenye simu habari za Scott Jurek, Mmarekani asiyekula nyama wala maziwa, aliyeshinda Western States, mbio za maili 100 milimani California, mara saba mfululizo kuanzia 1999 mpaka 2005. Maili 100 wewe, kama kilomita 161! Nkamwonyesha jamaa yangu mmoja, akanambia na hao Wakalenjin wetu wanaokunywa mursik, yale maziwa yao ya kuganda, je, hawashindi? Wanashinda. Sikuwa na jibu na mpaka leo sina, nafkiri ukweli ni kwamba miguu haiulizi ulikula nini maadamu umekula ukashiba.

Sasa kuna klabu Uingereza inaitwa Vegan Runners, tangu 2004, wao hawahubiri sana, wanavaa vesti zenye hilo jina kifuani wanaingia kwenye mbio na watu wengine, ukipitwa na mtu wa vesti hiyo basi utajijibu mwenyewe. Nkaipenda. Nkasema na sisi tufanye. Nkachangisha pesa, nkaprintisha tisheti za kijani, na kifuani kwa herufi kubwa nyeupe nkaandika SAMAKI NI ROHO, USILE ROHO. Naandika hapa naona aibu mpaka vidole vinanywea.

Jumamosi ile ya kwanza na tisheti tukakimbia pwani ya mjini, na mimi kwa ujuaji wangu nkapanga tupite pale samaki wanaposhushwa ili watu waone. Wakaona. Baba yangu alikuwa amepanda kutoka kwenye boti, kolekole wawili mkononi amewashika kwa matamvua, na mzee mmoja akasoma kifua changu kwa sauti kama anasoma barua ya serikali, neno moja moja, kisha akamuuliza baba, "Huyu si wako?" Baba akasema, "Ni wangu. Hawa samaki ndio waliomlipia skuli." Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akawaweka kolekole kwenye mizani.

Wiki iliyofuata wakaja wanane. Kumbe nusu ya grupu yangu ni watoto wa wavuvi, wengine mama zao wanauza samaki wa kukaanga jioni, na mimi nimewavalisha tisheti inayowaambia wazee wao ni wauaji. Hakuna aliyenambia kitu, walitoka tu kwenye watsap mmoja mmoja. Mmoja ndiye aliyesema neno, nalo lilinikaa: "Wewe unaonea huruma samaki, na mchanga wa nyumba yenu ulibebwa na nani?" Na punda, sote twajua. Mawe, simiti, mchanga, makochi, kila kitu Lamu kimepita mgongoni mwa punda, na mimi kila asubuhi nakimbia naruka mavi yao.

Tisheti nkazikusanya zote nkazifungia kwenye gunia. Sikuita mkutano wala nini.

Siku hizi tunakimbia tu, kwenda na kurudi ni kama kilomita sita, na tukirudi tunaishia barazani kwa shangazi. Yeye anapika mbaazi za nazi na mahamri miaka nenda miaka rudi, na mbaazi zake ndizo zilizonifundisha kwamba nilikuwa natafuta chakula mbali, kwa sababu anazichemsha usiku na tui la pili mpaka zinalainika, kisha alfajiri anamimina kasimile, lile tui la kwanza zito, moto mdogo, anakoroga polepole lisikatike, na juu pilipili mbichi mbili nzima. Hamna mnyama mle ndani. Mbuzi pekee aliye jikoni kwake ni ule wa kukunia nazi. Shida ilikuwa mahamri, unga anaukanda na samli, nkamwomba atumie mafuta akanitazama muda mrefu, "kijiko kimoja cha samli, na huyo ng'ombe yuko wapi mwanangu?" Lakini sasa Jumamosi anatukandia yetu mbali, na mwenyewe anadai yanafura zaidi, ila hawaambii wateja.

Wenzangu pale barazani hawakuacha samaki. Wawili wameacha nyama, mmoja anasema Ramadhani ikifika atarudi manake sambusa za mboga hazimshibishi. Mimi siwabishii tena. Wakiniuliza nawaambia na ubaya wake, kwamba kuna vitamini B12 ambayo kwenye mboga na kunde huipati, yabidi nimeze vidonge, na nimeze kweli, hili si la mchezo, ukija kunambia nazi ina kila kitu ntakukatalia.

Na baba? Baba hatujawahi kuizungumza ile siku. Kusi ikivuma kali haendi baharini, basi jana jioni alikuwa chini anafungua mashine ya boti, mikono myeusi kwa grisi, nkamsogelea nimsaidie kushika spana, akanyoosha mkono nyuma kuchukua tambara la kupangusia, na ni la kijani. Lile gunia nilikuwa nimeliweka stoo. Herufi nyeupe zimeshafutika na oili, imebaki ROHO peke yake karibu na mshono, akapangusia plagi, akaipuliza, akanipa nishike.

"Kesho mwakimbia?"

Nkamwambia ndio baba, saa kumi na moja na nusu.

"Maji yatakuwa yamejaa," akasema. "Chukueni njia ya ndani."

Hatukuichukua.