Siku moja maishani mwangu: mwanafunzi wa meno

Watu wakisikia nasomea udaktari wa meno, wanaona koleo na jino bovu tu. Twendeni pamoja siku moja.

Saa 12 asubuhi napitia picha za vidonda vya kinywa. Utando mweupe unaofutika kwa shashi na kuacha wekundu, mara nyingi ni fangasi. Doa jeupe lisilofutika halipuuzwi. Saa 2 kliniki inafunguliwa. Wagonjwa wawili, fizi zinatoka damu, nasafisha.

Saa 4 na nusu akaingia mzee mwenye jino la chini lililovunjika. "Mwanangu, ng'oa niende zangu." Nikamwomba nitazame kinywa kizima kwanza. Akaguna. Nikapapasa shingo, nikakagua midomo, mashavu kwa ndani, kaakaa. Akanishika mkono: "Jino liko huku, huko unatafuta nini?" Sikumlaumu, alikuwa foleni tangu alfajiri na jino linamuuma. Nikamwomba radhi, nikashika ncha ya ulimi kwa shashi, nikauvuta taratibu upande. Pale ubavuni, kule nyuma ambako huoni kitu ulimi usipovutwa, palikuwa na kidonda cha kama sentimita 1, kingo zimeinuka. Nikakibonyeza. Kigumu, kama kifungo kilichoshonewa ndani ya nyama.

"Hicho jino linakikwaruza. Kina miezi miwili, wala hakiumi."

Wala hakiumi! Vidonda vidogo vya kawaida vya mdomoni huuma mpaka chai hainyweki, na kwa wiki mbili hivi vimepona. Nikamwita mwalimu. Naye akapapasa, kimya, kisha akamweleza mzee kwamba lazima kikatwe kipande kidogo kikapimwe, kwani huenda ni saratani na huenda siyo. Tukamuuliza tumbaku. Anavuta tangu ujana. Mzee hakumtazama mwalimu, alinitazama mimi. "Na jino?" Tukalisaga makali yake, tukampa dawa ya maumivu.

Sikumbuki nilikula saa ngapi. Jioni alikuja kijana aliyekosa usingizi kwa sababu ya vidoti vya njano ndani ya mdomo. Ni vitezi vya mafuta tu, watu wengi wanavyo. Alivyoshusha pumzi, nami nikashusha yangu.

Mgongo umekakamaa, miguu inawaka moto. Bado nina daftari la kujaza: nimechora ulimi, nikatia alama ubavu wa kushoto, nyuma. Mzee atakatwa kipande keshokutwa saa 3. Nimeomba niwepo.