Laptopu kuukuu iliyookoa harusi zetu

Mfuko wa DVD 23 ulikuwa chini ya kitanda cha mama, hapa Mkomani, Lamu: harusi za dada zangu, Maulidi ya miaka kadhaa, na ile niliyoihofia zaidi, harusi ya halati, dada wa mama, ambamo marehemu bibi anaongoza vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, huku akigonga pembe. Kila tukiiweka inakwama dakika ya 11. Nikaazimia kuzihamisha zote kwenye kompyuta moja, tuzitazame kwenye televisheni bila kuzigusa tena.

Laptopu ya mitumba niliipata Mombasa kwa shilingi 8,500: prosesa ya i5 ya kizazi cha pili, RAM ya GB 4, kioo kina mstari na vibonye viwili vimeng'oka. Ilikuja kwa basi hadi Mokowe, kisha boti. Niliichagua kwa sababu ya betri. Stima ikipotea, diski haikatiki katikati ya kuandika. Hata betri iliyochoka, ya dakika 40, inanitosha kuizima kwa utaratibu.

Niliweka Debian, mfumo endeshi wa bure, amri tupu bila madirisha, kisha Jellyfin, inayorusha video za kwenye laptopu hadi simu na televisheni za nyumbani. Ni programu ya bure, haidai akaunti ya mtandaoni, na haihitaji intaneti kuonyesha kilichomo nyumbani, kwa hivyo bando likiisha mama anaendelea kutazama. Kwenye simu unaandika anwani ya laptopu, nukta mbili, halafu 8096, namba ya mlango wa Jellyfin. Kifuniko ndicho kilichonichelewesha: ukikifunga, laptopu inalala. Fungua faili /etc/systemd/logind.conf, tafuta HandleLidSwitch, futa alama ya # mbele yake, weka ignore baada ya alama ya =, kisha uiwashe laptopu upya.

Waifai nayo haikupenya. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, ukuta mnene kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Nilipitisha waya wa mtandao kwenye tundu la juu ya ngazi, moja kwa moja kutoka kwenye ruta hadi nyuma ya televisheni.

DVD zenyewe zilikula wiki tatu. Mwanzo nilizinakili kama zilivyo, na picha ikawa inakatakata. Video ya DVD iko katika mfumo wa MPEG-2, ambao televisheni yetu haikuupokea kupitia mtandao, basi laptopu ikalazimika kuubadilisha papo hapo, feni ikavuma mpaka mama akauliza, "Mwanangu, hiyo haitaungua?" Nikaamua kuzibadilisha mara moja tu, usiku, kwa HandBrake, programu ya kubadilisha video, ziwe H.264, mfumo ambao televisheni yetu inaupokea. Sasa laptopu inatuma faili tu, wala haina jasho. Ukifanya hivi, usisahau kuwasha kichujio cha kuondoa mistari (deinterlace), la sivyo kila anayecheza ngoma ataonekana kama ana meno ya kitana ubavuni.

Ile ya bibi niliiosha kwa maji safi na tone la sabuni, nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzunguka. Kisha nikaiachia ddrescue. Programu hii ya kuokoa data huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ndipo irudi kwenye zile mbovu, mara nyingi kadiri utakavyoiambia. Niliiacha tangu isha. Alfajiri, nilipoamka kuswali, ilikuwa bado inarudia palepale, namba za makosa zikipungua moja moja. Tulipoteza sekunde chache tu, na hazikuwa za bibi.

Nakala ya pili ya kila kitu iko kwenye diski ya nje, kwa dada yangu, mtaa wa Langoni.

Mama alipoitazama alisimamisha picha bibi anapogeuka na pembe yake, akasogea karibu na kioo. "Huyu aliyekaa nyuma yake si Bi mkubwa wa nyumba ya pili?" Ndiye. Kesho yake alikuja mwenyewe, akakaa, akajitazama alivyokuwa kijana.

Ami naye amesikia. Ana kanda tano za VHS kwenye sanduku, na Jumamosi naenda kuzichukua.