Nilivyochagua vifaa vya kompyuta ya kuhariri video na kuchezea gemu

Watu wengi wakitaka kuunda kompyuta huanza na swali la kadi ipi na prosesa ipi. Mimi nilianza na faili. Nilichukua klipu moja kutoka kwenye kamera ninayopigia harusi, nikaifungua kwa MediaInfo, programu ya bure, nikasoma mistari mitatu: kodeki (njia ya kubana video), biti za rangi na mgawanyo wa rangi (kiasi cha rangi kinachohifadhiwa). Iliandika HEVC (yaani H.265), biti 10, 4:2:2. Mistari hiyo ndiyo iliyochagua karibu nusu ya mashine.

Video ya simu na ya kamera nyingi za bei ya chini ni 4:2:0, yenye rangi iliyopunguzwa zaidi, na hiyo kadi ya grafiki yoyote ya miaka hii inaifungua kwa saketi maalumu iliyomo ndani yake, bila kuisumbua prosesa. Kamera za Sony, Canon na Fujifilm ukizipandisha kwenye ubora wa juu zinatoa 4:2:2 ya biti 10, na kadi za NVIDIA za RTX 20, 30 na 40 hazina saketi ya kuifungua hiyo. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa za Intel za mezani kuanzia kizazi cha 11 inayo, ila kwa HEVC. NVIDIA wenyewe waliiongeza kwenye RTX 50 zilizotoka mwaka 2025. Ndiyo maana unamkuta mtu ana Ryzen ya bei mbaya na RTX 4080, lakini video inakwamakwama kwenye taimlaini (mstari wa kupangia klipu), na pembeni yake kuna mwenye laptop ya Core i5 anaburuza kishale bila taabu.

Kuna mtego mwingine hapohapo kwenye kamera. Sony wana XAVC S, ambayo ni H.264, na XAVC HS, ambayo ni HEVC. 4:2:2 ya H.264 haifunguliwi na grafiki ya prosesa za Intel za kizazi cha 12, 13 wala 14, kwa hiyo kazi yote inaiangukia prosesa. Kamera yangu tayari iko kwenye XAVC HS; kama yako haiko, ihamishe, mabadiliko hayo hayagharimu hata senti. Kama wewe unahariri video za simu tu, yote haya hayakuhusu: nunua Ryzen 5 7600 au chochote cha daraja lake, fedha iliyobaki peleka kwenye kadi.

Prosesa niliyoichukua ni Core i5-13500: kori 14 (6 kubwa na 8 ndogo), nyuzi 20 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), na grafiki ya UHD 770. Namba ndogo ndogo hapa zina maana. Core i5-13400 ina UHD 730, yenye injini moja ya video badala ya mbili, na ukiweka kamera mbili juu ya taimlaini utaiona tofauti. Halafu kuna herufi F. Core i5-13400F au 13600KF haina grafiki ya ndani kabisa. Madukani F ndizo zinazojaa kwa sababu ni nafuu, na muuzaji atakuapia kwamba ni kitu kilekile. Kwa mchezaji gemu kweli ni kilekile. Kwa mhariri umenunua gari lisilo na gia ya pili.

Sikwenda juu zaidi, kwenye i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14, kwa sababu mbili. Joto ni moja. Ya pili ni lile tatizo ambalo Intel walilikiri mwaka 2024, la prosesa kupewa volti iliyozidi hadi zinachakaa na kuangusha programu. Dawa yake iko kwenye BIOS mpya (programu ya msingi iliyomo kwenye madabodi, bodi kuu ya kompyuta), na udhamini uliongezwa miaka miwili. Yeyote anayenunua prosesa ya soketi ya LGA1700, hata i5, asasishe BIOS siku ya kwanza kabla hata ya kuweka gemu. Na ajue kwamba soketi hiyo imefika mwisho: Core Ultra 200S zinakaa kwenye LGA1851.

Madabodi ni B760 yenye nafasi ya RAM ya DDR4. Prosesa hii inakubali DDR4 na DDR5, ila madabodi inakubali moja tu, na pengo la katikati ya kipande cha RAM liko mahali tofauti, kwa hiyo usilazimishe. Nilichagua DDR4-3200, vipande viwili vya GB 16, kwa sababu tofauti ya bei niliihitaji kwenye kadi. Usinunue vinne vya GB 8. Viwili vinakuachia nafasi ya kuongeza. GB 16 kwa jumla haitoshi: DaVinci Resolve (programu ninayohariria video), kivinjari na programu ya picha zikifunguliwa pamoja, Windows inaanza kuhamishia mizigo kwenye diski. Kingine nilichoangalia ni vipande vya alumini juu ya saketi za umeme pembeni ya soketi. Madabodi za bei ya chini hazina. Prosesa hii inaweza kuvuta wati 154 wakati wa kurenda (kutoa video iliyokamilika), na saketi tupu ikichemka madabodi inaikaba prosesa, mwenye mashine akadhani ni programu mbovu.

Kwenye kadi nilikuwa na mbili mezani: RTX 4060 yenye kumbukumbu ya GB 8 na RTX 3060 ya GB 12. Kwa gemu 4060 inaishinda, na inakula wati 115 dhidi ya 170. Nilichukua 3060. Resolve ikipewa 4K pamoja na kusafisha chengachenga za usiku, zile za ukumbi wenye taa hafifu, GB 8 zinajaa na unapata ujumbe kwamba kumbukumbu ya GPU imekwisha, renda inasimama katikati. Kwa skrini ya 1080p gemu zangu zote zinakwenda vizuri. Ila chunga: kuna RTX 3060 ya pili yenye GB 8 na njia ya kumbukumbu ya biti 128 badala ya 192, boksi lake limefanana na la kwanza kama pacha. Soma GB, usisome jina. Anayeanza leo na fedha ya RTX 5060 Ti ya GB 16 aichukue hiyo. Inafungua 4:2:2 yenyewe, kwa hiyo anaweza kuchagua prosesa ya AMD bila wasiwasi.

Kadi iliyotumika nilikuwa tayari kuinunua, kwa masharti. Iwashwe mbele yangu, nifungue GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, niangalie idadi ya GB, upana wa njia na kama inaandika neno FAKE, maana zipo kadi za zamani zilizobadilishwa BIOS zijitangaze kuwa kubwa. Kisha FurMark, programu ya kuichosha kadi, dakika 15, jicho kwenye joto, sikio kwenye feni. Muuzaji akisema umeme umekatika, rudi umeme ukirudi.

Pawasaplai ndiyo sehemu ambayo watu hubana fedha kisha wakajuta. Hesabu yangu: prosesa 154, kadi 170, vingine vyote 60, jumla 384. Nilichukua ya wati 650 yenye alama ya ufanisi ya 80 Plus Gold, ili ifanye kazi katikati ya uwezo wake. Ukiwa dukani geuza ubavu usome kibandiko, mstari wa 12V. Ya kweli ya wati 650 itaandika ampea kama 54, kwa sababu 54 mara 12 ni 648. Ile inayokuja bure ndani ya kasha, imeandikwa 600W kwa herufi kubwa, niliikuta na ampea 18: 18 mara 12 ni wati 216. Hiyo ndiyo kweli yake, na ni nyepesi mkononi kama boksi tupu la viatu. Na kebo za pawasaplai moja usizichomeke kwenye nyingine hata kama plagi inaingia, kwa kuwa mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hauna kiwango kimoja. Diski huungua hapohapo.

Umeme wa kwetu ni volti 230, lakini kuna siku unapanda na kushuka kama bei ya nyanya. UPS (betri ya dharura) ya 1500VA si wati 1500. Nyingi zinatoa 900, na hizo ndizo za kuangalia. Pia ulizia umbo la mawimbi. Pawasaplai nzuri za sasa zina PFC hai (saketi ya kurekebisha namna zinavyovuta umeme), na baadhi hazipatani na UPS ya mawimbi ya ngazi: TANESCO wakikata, UPS inaingia kazini na kompyuta inazima papo hapo kama vile haikuwepo. Ya mawimbi laini ni ghali, lakini ijaribu ile nafuu kwanza huku mashine inarenda, si ikiwa imetulia. Na kama ukigusa kasha la chuma unahisi kutekenywa, waya wa ethi haufiki. Mara nyingi kosa ni ekstensheni ya pini mbili. Vichujio ndani ya pawasaplai vinasukuma nusu ya volti za ukutani kwenye kasha, na vitundu vya HDMI na USB ndivyo vinavyoumia.

Uhifadhi nilipiga hesabu kwa kalamu. Megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5, sawa na GB 45 kwa saa. Kamera mbili kwa saa nne za ukumbini ni GB 360 kwa shughuli moja. Kwa hiyo: NVMe (SSD ya kasi) ya TB 1 ya Windows, programu, gemu na kashe (faili za muda), NVMe ya TB 2 ya kazi zinazoendelea, diski ya kuzunguka ya TB 4 ya kuhifadhia zilizokwisha. Hiyo ya mwisho iwe ya aina ya CMR, si SMR. Za SMR hupanga data kama vigae vya paa, kimoja kikilalia kingine, na ukizijaza kwa mkupuo zinakuwa konokono. SSD za QLC (aina nafuu ya chipu) zisizo na DRAM (kumbukumbu yake ya ndani) nazo zina ugonjwa wake: GB za mwanzo zinakimbia, sehemu yake ya kasi ikijaa kasi inaanguka chini hata ya SSD ya SATA. Ukiwa unanakili GB 360 utakunywa chai yote. Diski ya bei ya ajabu ipime kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini, maana ya GB 64 inaweza kujiita TB 2.

Kula (cooler, kipoozi cha prosesa) iliyokuja kwenye boksi niliiacha bokisini. Chumba cha Dar mwezi wa pili kina nyuzi 32 kabla hujawasha chochote. Niliweka mnara wa mabomba manne na feni ya milimita 120, nikahakikisha una vifungio vya LGA1700: matundu yake yameachana milimita 78, ya LGA1200 ni 75, na kula ya zamani iliyolazimishwa haikandamizi sawasawa. Pima pia urefu wa mnara dhidi ya upana wa kasha. Kasha lenyewe ni la wavu mbele, feni mbili zinaingiza, moja inatoa. Kioo mbele ni urembo wa nchi za baridi.

Kuunganisha hakuna maajabu, isipokuwa hapa: pini za soketi ziko kwenye madabodi, iweke prosesa taratibu bila kuisukuma, RAM ikae nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, toa plastiki chini ya kula, kebo ya prosesa na ya kadi zote zina pini nane lakini hazibadilishani, ya prosesa inagawanyika nne kwa nne na ya kadi sita kwa mbili. Skrini ichomekwe kwenye kadi, si kwenye madabodi.

Kisha BIOS. Washa XMP (mpangilio wa kasi ya RAM), bila hivyo RAM ya 3200 hukaa chini ya kasi yake. Washa Resizable BAR, inayoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi. Kaba wati: mimi niliweka PL1 (kikomo cha muda mrefu) 125 na PL2 (cha muda mfupi) 154, kwa sababu baadhi ya madabodi huachia bila kikomo. La muhimu kuliko yote ni iGPU Multi-Monitor. Ukichomeka kadi, madabodi nyingi huzima grafiki ya ndani, na hapo ile UHD 770 uliyoilipia imelala. Iwashe, weka draiva ya Intel, kisha kwenye Resolve nenda kwenye Decode Options uchague Intel Quick Sync. Kwenye Windows hili linataka toleo la Studio, dola 295 mara moja. Adobe Premiere, programu nyingine ya kuhariri, wana tiki yao kwenye mipangilio ya Media. Kuthibitisha, fungua Task Manager, cheza klipu, tazama grafu ya Video Decode ya GPU ya Intel. Ikipanda, umefaulu. Ikibaki sifuri na prosesa iko asilimia 90, kuna hatua umeiruka, na mara nyingi ni ile ya BIOS. Windows nayo hupenda kuiacha skrini ya 165Hz kwenye 60Hz. Ibadilishe kwa mkono.

Vumbi napuliza kila mwezi kwa blowa, mashine ikiwa imechomolewa, na kidole kimeshika feni isizunguke. Ikizungushwa na upepo kwa kasi kuliko ilivyoundwa, beringi inakufa na inaweza kurudisha umeme kwenye madabodi.