Zion na Watoto Wadogo

Wengi wanaofika katika Hifadhi ya Taifa ya Zion, kusini mwa jimbo la Utah nchini Marekani, huja na hamu ya kupanda Angels Landing, mgongo mwembamba wa mwamba ambao hupandwa kwa kushika minyororo, na ambao tangu mwaka 2022 haupandwi bila kibali. Sisi tulikuwa na mtoto mmoja anayesimama kwa kila kokoto na mwingine ambaye bado ni wa mbeleko, kwa hiyo hata hatukuujadili. Sidhani kama tulipungukiwa na kitu, kwa sababu Zion ni korongo unaloliingilia kutoka chini: unatembea kando ya Mto Virgin huku kuta za mwamba zikipanda kulia na kushoto, penginepo hadi mita 600 hivi.

Kinachomfaa mzazi kuliko yote ni basi. Kwa sehemu kubwa ya mwaka magari binafsi hayaruhusiwi katika barabara ya ndani ya korongo, na wageni husafirishwa bure kwa mabasi yaliyoanza kazi mwaka 2000. Mtoto akichoka au akianza kulia, unasogea kituoni na kungoja. (Mkubwa wetu, nasema kweli, alilipenda basi kuliko milima.)

Kituo cha mwisho ndipo inapoanzia Riverside Walk, njia iliyosakafiwa, yenye urefu wa kilomita 3.5 hivi kwenda na kurudi, ambayo sisi ilitumalizia asubuhi nzima. Njiani mkubwa alibandika kiganja ukutani, akakiondoa kikiwa na chembe nyekundu za mchanga, akataka kujua kwa nini mlima unachubuka. Nilimweleza kwamba kuta zile zilikuwa vilima vya mchanga vya jangwa la zamani sana, vikagandamana vikawa mawe, na kwamba mistari ya mshazari anayoiona ni matabaka yaliyopangwa na upepo.

“Na huo upepo umekwenda wapi, Mama?”

Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Mto wenyewe unahitaji tahadhari zaidi ya ile ya kuzama. Tangu mwaka 2020 mamlaka ya hifadhi imekuwa ikionya kuhusu bakteria wanaotoa sumu majini. Mgeni hushauriwa asinywe maji ya mto wala asizamishe kichwa, na chujio la kawaida haliondoi sumu hiyo. Kwa mtoto anayepeleka kila kitu mdomoni, tuliona ni heri tubaki ukingoni, tukanywa maji ya bombani tuliyojaza kabla ya kuondoka. Mvua ikitabiriwa, hata mbali na hapo, ni bora kukaa mbali na sehemu nyembamba za korongo, kwa kuwa mafuriko huja ghafla.

Kindi wa pale hawamwogopi mtu. Mmoja alikwishaingiza kichwa katika mfuko wetu wa biskuti kabla hatujageuka, na kwa kuwa huuma, na kuwalisha ni marufuku, chakula kilibaki ndani ya begi lililofungwa zipu.

Mchana wa kiangazi joto huweza kupita nyuzi 38, hivyo saa hizo tulizitumia kivulini, mkubwa akijaza kijitabu cha Junior Ranger (yaani “askari mdogo wa hifadhi”, mpango wa watoto) kinachotolewa bure kwenye kituo cha wageni. Alipokikamilisha, askari wa hifadhi alimwapisha na kumpa beji, naye tangu hapo akawa anamkaripia kila aliyemsogelea kindi, wakiwemo wazee wasio wetu.